Mafuta Mekundu

Kamba ilivutwa, injini ikakohoa, ikatapika moshi mweusi mzito, ikanyamaza. Mbarouk aliukanyaga mpini wa nyuma wa msumeno wake pale uani, akavuta tena. Safari hii hata kikohozi hakikutoka.

Barazani, nyuma ya cherehani yake, Thuwaiba hakuinua kichwa. Alikuwa akishona kola ya shati la mtu asiyependwa, na kola ya mtu kama huyo huhitaji uangalifu zaidi. Hata hivyo mguu wake uliacha kukanyaga kila mumewe alipovuta kamba, kana kwamba mashine zile mbili zilifungwa kwa uzi mmoja. Na kwa kweli zilifungwa. Msumeno ulipokataa kuwaka, cherehani ndiyo iliyolisha nyumba na kumtunza binti yao Maha, aliyekuwa akisoma mjini Tanga na kulala kwa shangazi yake Ngamiani.

"Choki ya hewa umeifunga?" aliuliza.

"Nimeifunga, nimeifungua, nimeifunga tena."

"Basi imelewa petroli."

"Ilewe nini, Mama Maha, na petroli yenyewe nimeitia kwa kijiko?"

Aliifungua plagi, akaipeleka kwenye mwanga. Ilikuwa nyeusi tititi, yenye unyevu kama ulimi wa mgonjwa. Akaisugua kwa brashi ya waya, akaikausha juu ya mkaa wa mkewe, akaigusisha kwenye bati la injini na kuvuta kamba kuona kama itatoa cheche. Cheche ilitoka, hafifu, ya manjano. Akalitoa chujio la hewa, akaligonga kwenye ukingo wa baraza, vumbi likaruka. Akairudisha plagi mahali pake. Akavuta.

"Kaka Mbarouk!" Chiku, jirani yao, alisimama njiani na ndoo yake kichwani, bila haraka ya kwenda kisimani. "Mbuzi wako bado hajataka kulia?"

"Atalia tu."

"Akikataa mchinjeni, tule. Kijiji kizima cha Moa hakijaonja nyama tangu Idi."

Mbarouk aliondoa kifuniko cha ekzosi, akachungulia, kisha akamwita mkewe. Tundu la kutolea moshi lilikuwa limeziba kwa masizi magumu, likabaki kama jicho la sindano. Thuwaiba alilitazama kwa muda.

"Haya si ya leo," alisema.

"Ni ya miaka."

Ilikuwa kweli. Injini ya namna ile haina mahali pake pa kuwekea mafuta ya kulainisha. Hunywa oili yake ndani ya petroli, vikiwa vimekwisha changanywa. Oili yake maalumu ilikuwa imetoweka pamoja na sabuni, betri na nyembe, katika miaka ile ambapo duka la kijiji lilikuwa na rafu, mizani na mwuzaji, na halikuwa na kitu cha kuuza. Mbarouk, kama wenziwe wote wa pwani ile, alitumia alichopata: oili chafu aliyoomba kwa madereva wa malori, na siku alizokosa hata hiyo, mafuta ya nazi yaliyochujwa kwa kitambaa. Kipimo kilikuwa jicho. Yeye alimimina polepole katika dumu la petroli, na Thuwaiba alilishika dumu juani, akitazama. Petroli ilipofika rangi ya chai kavu iliyokolea, alisema neno moja, "Basi," na mumewe aliinua mkono papo hapo. Hapakuwa na mtu aliyewahi kulipinga neno lile. Thuwaiba alikuwa na jicho la mshonaji, na dhiki ilikuwa imemfundisha kubana hata pumzi.

Mbarouk alikwangua masizi kwa msumari mpaka vidole vikawa kama vya mchoma mkaa. Alasiri injini iliwaka, ikaunguruma kwa unyonge, ikazimika.

"Haya mafuta ndiyo yanayoiua," alisema. "Nikiendelea nayo, nitakuwa nakwangua tu. Inataka oili yake."

"Oili yake iko wapi?"

Wote wawili walijua iko wapi. Ilikuwa kwa Muhanad.

*

Muhanad alikuwa wa ukoo wenye asili ya Oman, wenye maduka ya siku nyingi Ngamiani. Katika miaka ya msako dhidi ya walanguzi ukoo huo ulifunga milango ya mbele na kuishi kwa milango ya nyuma. Sasa serikali ilikuwa imeruhusu watu kuleta bidhaa bila kuulizwa fedha za kigeni wamezitoa wapi, na watu walewale waliokuwa wakiitwa maadui wa uchumi wakaanza kuitwa wafanyabiashara, bila wao kubadilisha chochote ila taa za madukani. Muhanad alifungua duka la pili hapo Moa, kando ya barabara, na alihitaji mbao za kujengea ghala. Katika shamba la marehemu babu yake ilisimama mivule mikubwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuiangusha na kuipasua.

"Bwana Mbarouk, karibu. Bi Thuwaiba, kiti hicho."

Aliposikia haja yao aliweka makopo matatu juu ya meza, moja baada ya jingine. Alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyowafanya watu wasitambue mapema wamefikishwa wapi.

"Hili ni la bei nafuu. Hili wavuvi wanalisifu sana, ni la mashine za boti. Na hili la tatu ni la pikipiki na misumeno. Chagueni."

Mbarouk alilifungua la kwanza, akanusa, akalifunga. "Hii ni oili ya gari ndani ya kopo jipya."

"Mimi nauza kopo lilivyokuja, mzee wangu."

"Na hii ya boti ni nzuri, sikatai. Kwetu Pemba tuliitumia. Lakini mashine ya boti inapozwa na maji ya bahari. Msumeno unapozwa na upepo tu, na huko msituni upepo wenyewe haupo. Joto lake ni jingine." Alilisogeza kopo la tatu mbele, kopo jekundu lenye kikombe kidogo cha plastiki kilichofunika mdomo wake. "Ni hili."

"Jicho lako linapenda vya ghali," alisema Muhanad.

"Jicho langu linapenda kinachofaa."

Thuwaiba alimtazama mumewe wakati huo, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi alimwona amenyooka mgongo. Mtu aliyekaa miaka akitia chochote katika mashine yake alikuwa amesimama mbele ya vitu vitatu, na amechagua kimoja kwa sababu. Ni starehe ndogo. Thuwaiba hakuwa tayari kumharibia, na hilo lilimfanya anyamaze alipopaswa kuuliza bei.

"Pesa sikudai," Muhanad aliendelea. "Kopo nakupa, plagi mpya nakupa, petroli nakupa. Mimi nataka mbao kabla ya masika, kabla lori halijashindwa kuingia shambani. Mbao zikifika tunamalizana, na juu yake nakulipa ujira. Ila nipe kitu cha kushika mkononi. Binadamu huugua, binadamu husafiri."

"Nina nini mimi cha kukupa?"

"Nimesikia kuna cherehani."

"Cherehani ni ya mke wangu."

"Najua. Ndiyo maana namtazama yeye."

Dukani palikuwa na wateja wawili waliokuwa wakikagua kandambili kwa makini isiyo ya kawaida. Thuwaiba alijua kwamba jibu lake lingefika kisimani kabla yake.

"Utaiweka wapi?" aliuliza.

"Ndani, mahali pakavu."

"Isiguswe na watoto."

"Haitaguswa na mtu."

"Basi," alisema Thuwaiba.

*

Siku iliyofuata, cherehani ilipokwisha ondoka, baraza ilionekana kubwa kupita kiasi. Mbarouk alimaliza kukwangua ekzosi, akafunga plagi mpya, akalisafisha chujio kwa petroli. Kisha akalileta dumu uani, naye Thuwaiba akalishika juani kama ilivyokuwa desturi yao.

Mafuta yalikuwa mekundu kama damu ya njiwa. Utepe mwembamba wa kwanza uliingia katika petroli ukatawanyika, na Mbarouk alipolitikisa dumu, petroli yote iligeuka, ikawa ya waridi. Akamimina kidogo tena. Ikakolea.

"Basi," alisema Thuwaiba.

Mkono ulisimama, lakini kwa mara ya kwanza haukuinuka. "Mbona kidogo?"

"Hwoni rangi? Imekwisha kuwa nyekundu kama maji ya choya."

"Oili ya lori tulikuwa tukitia zaidi ya hivi."

"Oili ya lori ilikuwa taka. Hii ni safi, ina nguvu zake. Ukiizidisha utarudi kulekule kwenye masizi." Akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na kopo hili likiisha kabla ya mbao, jingine tutaliwekea nini? Kitanda?"

Mbarouk alilitazama dumu. Rangi ilikuwa imekolea kweli; hakuna mtu mwenye macho angesema haikukolea. Aliinua mkono, akalifunga kopo kwa kitambaa na kulikaza kwa uzi.

"Na hiki kikombe chake?"

Kilikuwa kikombe kizuri, cheupe, chenye mistari midogo ubavuni na maandishi ya lugha ambayo hakuna aliyeijua katika nyumba ile. Thuwaiba alikigeuza kiganjani.

"Kitanifaa kutilia vishikizo," alisema.

Injini iliwaka kwa mvuto wa pili. Haikukohoa, haikutoa moshi. Ililia kwa sauti safi, nyembamba, iliyofika kisimani na kurudi. Chiku alikuja mbio akiwa ameuacha utepe wa ukili aliokuwa akisuka.

"Kalia! Mbuzi kalia!" alipiga kigelegele. "Wifi, sasa mkanunue na kamba ya kumfunga, asije akatoroka."

Mbarouk aliuzima msumeno na kuuwasha tena bila sababu yoyote, ili ausikie.

*

Mvule wa kwanza ulianguka vizuri. Watu wa mashamba ya jirani walikuja kutazama, na Mbarouk, aliyekuwa amezoea kutazamwa akivuta kamba isiyojibu, alifanya kazi kwa utulivu wa mtu anayetazamwa kwa heshima. Alikata matawi, akalipima gogo, akaanza kulipasua kwa urefu wake, kazi ambayo huushikisha msumeno moto kwa muda mrefu bila kupumua.

Thuwaiba alikuwa njiani, amebeba chakula cha mchana, mihogo na dagaa. Aliusikia msumeno kwa mbali. Kwa masikio yaliyozoea mashine alisikia sauti ikipanda, ikawa nyembamba zaidi ya ilivyopaswa, kama mtu anayesema kwa koo lililokauka. Aliharakisha hatua, bila kujua kwa nini. Kisha sauti ilikatika. Haikufifia. Ilikatika.

Alipofika, mumewe alikuwa amepiga magoti kando ya gogo. Harufu ya chuma kilichoungua ilikuwa imeenea juu ya harufu ya mbao mbichi. Alishika kamba, akavuta. Miaka yote kamba ile ilikuwa ikivutika na injini ikikataa kuwaka. Sasa hata kamba yenyewe haikusogea.

"Iache ipoe," alisema Thuwaiba.

Waliiacha ipoe. Chakula kilipoa pia. Mbarouk alifungua plagi, akaitazama. Ilikuwa nyeupe, kavu kama mfupa uliokaa juani. Hakumwonyesha mkewe. Akairudisha, akashika kamba kwa mikono miwili, akavuta kwa uzito wote wa mwili wake. Ndani ya injini kitu kilikwaruza, kikasogea kidogo, kikagoma.

Watazamaji waliondoka mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu wanavyotoka katika nyumba yenye mgonjwa.

*

Fundi Shaib alikuwa na gereji ya pikipiki kando ya barabara iendayo Horohoro. Alimwamkia Mbarouk shikamoo, akamwitikia Thuwaiba kwa kuinama kidogo, akauweka msumeno juu ya meza yake ya mbao. Hakuvuta kamba. Aliifungua ekzosi, akauinua msumeno kuelekea jua, akachungulia ndani kupitia tundu lile lile walilolikwangua.

"Tazama mwenyewe, mzee."

Mbarouk alitazama. Kisha Thuwaiba naye, bila kualikwa, aliinama akatazama. Ubavu wa pistoni, uliopaswa kuwa laini kama kioo, ulikuwa umechanwa kwa michirizi mirefu, kama mlango uliokwaruzwa na mnyama aliyefungiwa.

"Imekaukiwa," alisema Fundi Shaib. "Mafuta hayakutosha."

"Mafuta ni haya." Mbarouk alilitoa kopo jekundu kwenye kikapu. "Ya dukani. Ya misumeno hasa."

"Mafuta ni mazuri. Hukukosea kuchagua." Fundi alilitikisa kopo karibu na sikio, akalisikia limejaa, akaliweka chini taratibu. "Nani aliyechanganya?"

Thuwaiba alifungua mdomo.

"Mimi," alisema Mbarouk.

"Kwa kikombe chake?"

"Kwa jicho. Kwa rangi."

Fundi Shaib alifuta mikono kwa tambara. Hakuwa mtu mkatili, na kwa sababu hiyo alieleza polepole, jambo lililoumiza zaidi. "Rangi hii, mzee, hutiwa kiwandani. Hutiwa ili mtu akiliona dumu ajue petroli imechanganywa, asije akatia petroli tupu. Tone dogo linapaka dumu zima. Rangi inakwambia mafuta yamo. Haikwambii ni kiasi gani."

"Oili ya malori..."

"Oili ya malori haikuwa na rangi ila uchafu wake. Ile ilihitaji nyingi ndipo uione." Alisita. "Wala wewe si wa kwanza. Wamenijia wengine."

"Spea?" aliuliza Thuwaiba. Sauti yake ilitoka kavu.

"Pistoni na silinda ya aina hii? Labda Mombasa, Bi mkubwa. Labda. Na ikipatikana, bei yake itawafanya mtamani kununua msumeno mwingine."

*

Walirudi kwa miguu, Mbarouk mbele na msumeno begani, kwa kuwa hakuna aliyetaka kusimama barabarani kungoja gari na kuulizwa. Walikuwa wamekwisha pita mikorosho ya mwisho Thuwaiba aliposema:

"Kwa nini umesema wewe?"

"Nani alimimina?"

"Nani alisema basi?"

Mbarouk aliuhamisha msumeno bega la pili.

"Miaka yote ulikuwa ukisema basi," alisema hatimaye, "na ulikuwa ukiwaka."

Hakuligusa tena jambo lile, siku ile wala baadaye. Thuwaiba angependa agombe. Ugomvi una mwisho wake. Watu hupaza sauti, majirani huingilia kati, maji hunywewa. Msamaha ambao haukuombwa haukumpa pa kuuweka.

*

Masika yalikuja kwa wakati wake, na njia ya shambani ikawa tope. Mbarouk alikwisha azima msumeno wa mikono miwili na kutafuta mwenzi wa kuvutana naye, akapasua kiasi cha mbao ambacho lori lingekibeba kwa fedheha. Muhanad alizipokea hizo chache, akashukuru, akasema nyingine ameshazipata kwa mtu wa Muheza. Hakupandisha sauti.

"Cherehani," alisema Thuwaiba. Alikuwa amekuja peke yake. Hilo aliliomba, na mumewe alilikubali kwa kutazama ukutani.

"Bi Thuwaiba, mimi sikuandika popote. Neno letu lilikuwa mbao."

"Ndiyo."

"Basi." Aliliacha neno hilo likae. "Lakini mimi si mtu wa kumnyang'anya mtu riziki. Umeona marobota haya? Mitumba. Suruali za watu warefu, mashati ya watu wanene. Nataka mshonaji wa kupunguza, hapa barazani, wateja waone. Na ile mashine nani anaijua zaidi yako? Utakuja asubuhi, utarudi jioni. Nusu ya ushonaji yako."

Thuwaiba alifikiri juu ya Maha na shangazi yake wa Ngamiani, mwanamke asiyeuliza lakini anayehesabu.

"Nitakuja," alisema.

Cherehani ilikuwa imehifadhiwa vizuri, kama alivyoahidiwa. Si watoto wala mvua vilivyoigusa. Aliketi juu ya kigoda kisicho chake nyuma ya mashine iliyokuwa yake, akaufungua mkoba wake wa ushonaji. Ndani yake kilikuwepo kikombe cheupe chenye mistari ubavuni, na vishikizo vyake humo. Alikuwa amekisahau. Alikitazama kitambo, kisha akaufunga mkoba.

Mteja wa kwanza alikuwa Chiku, na suruali ya mumewe mkononi. Chiku alikuwa na neno kwa kila jambo lililotokea Moa, la kuchekesha au la kuumiza. Alimtazama Thuwaiba, akaitazama cherehani, akaiweka suruali mezani.

"Ifupishe kidogo tu, wifi," alisema, akaenda zake.

Thuwaiba aliinamisha mashine upande ili aione chini. Ilikuwa imekaa bila kazi, na viungo vyake vilianza kuwa na ukavu. Alikiomba kichupa cha mafuta ya cherehani kilichokuwa rafuni, akatia tone katika tundu la kwanza, tone katika la pili, akageuza gurudumu kwa mkono na kusikiliza. Mashine ililainika. Alirudi tundu la kwanza, akatia tone jingine, na jingine, mpaka mafuta yakafurika na kuteremka kwenye mguu wa chuma.

"Yatosha, Bi Thuwaiba," Muhanad alisema toka ndani, kwa adabu ileile. "Mafuta yamepanda bei."

Hakuinua kichwa. Alikibana kichupa kwa vidole viwili, akaendelea kutia.